Mtani Wangu Severin na Benzi ya Kiwanda

Severin Banzi alikosa nyumba ya Kihonda kwa sababu ya mdomo wangu. Wapo watakaowaambia kwamba kiwanda kiliuzwa, kwamba wengi walipunguzwa, kwamba ndivyo ilivyokuwa nchi nzima miaka ile. Waongo hao, au wananionea huruma nisiyoistahili. Mimi ndiye Semeni niliyekuwa na duka la spea za magari njia ya Kihonda, hapa Morogoro. Nilikuwepo, na maneno niliyasema mwenyewe, mchana kweupe, watu wananitazama. Sasa nimezeeka, meno yanahesabika, na bado nikikumbuka masikio yanawaka moto.

Severin alikuwa Mluguru wa Mgeta, kule juu ambako ukiangusha kabichi mlangoni kwako anaiokota jirani wa bondeni. Alianzia kwa mapadre wa misheni, waliomfundisha kutunza jenereta lao. Baadaye akashuka mjini na kuajiriwa kwenye kiwanda kimoja pale Kihonda, kiwanda cha ndoo na mabeseni, akawekwa karakana ya magari awe fundi umeme. Mrefu, mwembamba, msemaji wa taratibu mpaka unatamani umsaidie kumalizia sentensi. Alivaa ovaroli ya bluu iliyopigwa pasi. Hebu niambieni, nani anapiga pasi ovaroli? Yustina, mkewe, ndiye aliyeipiga, kila Jumapili baada ya misa, na mstari wa pasi mguuni ulisimama wima hadi Jumatano.

Mimi ni Mnyamwezi wa Sikonge. Nililetwa Morogoro na mume wa reli. Reli ikamhamisha, mume akahama, mimi nikabaki na sufuria zangu. Na Mnyamwezi na Mluguru ni watani, tangu mababu zetu walipokuwa wakipita na mizigo kwenda pwani. Msiojua utani ni kitu gani, nisikilizeni. Mtani wako anakutukana mbele za watu, unacheka. Anaingia dukani kwako anachukua soda, anakunywa, anakurudishia chupa tupu, huna pa kushtaki. Ukifa, anakuja msibani kwako kuigiza mwendo wako na sauti yako ili waliofiwa wapumue. Na atakayekasirika ndiye mwenye aibu.

Basi tulitaniana. Mimi nilimwambia Waluguru wakitembea tambarare wanajikwaa, wamezoea kupanda tu. Yeye aliniita mla matobolwa, vile viazi vikavu vya kwetu, akawauliza wateja wangu kama wameniona nikibeba pembe za ndovu kichwani. Mke wake akinisalimia, "Mama Semeni, za leo," yeye anadakia, "Usimsalimie huyo, atakuomba viazi." Jamani, nilimpenda yule mtu. Sisemi mapenzi ya chumbani, msije mkanielewa vibaya. Nilimpenda kama unavyompenda mtu ambaye siku asipopita unauliza, yuko wapi huyu?

Duka nililifungua mwaka themanini na tisa, watu walipokwisha kusema ruksa, ruksa, kila kitu ruksa. Kabla ya hapo fyuzi moja ya gari ilitafutwa kama dawa ya mgonjwa mahututi. Sasa nilikwenda kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, na gunia, narudi limejaa rilei, balbu, dinamo, mikanda. Fyuzi nilizijaza kwenye makopo ya maziwa ya unga. Mafundi walikuja na wateja wao, "Mama, dinamo imekufa," nami nauza dinamo. Kama imekufa kweli au imezirai tu, shauri yao.

Severin peke yake ndiye aliyekuwa akiniharibia biashara. Akipata nafasi ya kutoka karakana alitengeneza magari ya watu kwenye kiwanja kitupu kilichokuwa ubavuni mwa duka langu. Alikuwa na taa yake ya kupimia, balbu ndogo ya pikipiki iliyounganishwa nyaya mbili na msumari. Lakini hakuanza na taa. Alianza na dereva. "Inazima ukiwa umesimama au unakwenda? Ulikuwa umewasha taa kubwa? Ulipita kwenye madimbwi?" Madereva walichoka, wakapiga miayo, yeye anauliza tu. Kisha anafuata umeme kuanzia kwenye betri, hatua kwa hatua, waya kwa waya, mpaka pale balbu inapokataa kuwaka. Halafu anakuja kwangu kununua skrubu moja.

"We Mluguru," namwambia, "wenzako wananinunulia dinamo nzima, wewe skrubu?"

"Dinamo haijanikosea kitu, mtani. Niitupe kwa nini?"

Mwaka tisini na nne kiwanda kikauzwa. Wafanyakazi waliitwa uwanjani wakaambiwa wote wamesimamishwa, mwenye kiwanda mpya atachukua wachache anaowataka. Waliokuwa wanakaa kota za kiwanda wakapewa barua. Asiyeajiriwa upya, mwisho wa Juni awe ametoka.

Severin alikuja na barua yake, akakaa kwenye benchi langu, akaikunja na kuikunjua. Nilimtania kidogo, akaendelea kuikunja. Akasema, "Mgeta siogopi. Nina shamba, nina kaka. Lakini Martina?" Martina alikuwa binti yake mkubwa, yuko kidato cha pili, shule ya kutwa hapa mjini, ana akili zile za kukera. Bweni hakuna, ndugu wa kumlaza mjini hakuna. Wakipanda Mgeta, shule basi. "Nimewaambia watoto tutabaki," akasema. "Nimewaambia bila kujua tutabakije." Hayo ndiyo yaliyokuwa yakimkaa rohoni, nyumba ile ya vyumba viwili, ili binti yake aamke asubuhi aende shule.

Sasa njooni kwenye Benzi.

Meneja mpya aliletwa kutoka Nairobi, akiitwa Bwana Joseph. Mtu safi, mpole, anasema tafadhali hata kwa mlinzi. Kwenye banda la kiwanda alikuta Benzi nyeusi ya mwaka sabini na saba, gari la mameneja wa zamani, limelala na vumbi miaka minne. Mwenye kampuni yake alikuwa mgonjwa wa magari ya zamani. Akatuma neno kwamba siku ya kufungua kiwanda, Jumamosi ya katikati ya Juni, anataka apokewe uwanja wa ndege Dar es Salaam na gari hilo hilo, na kiyoyozi chake kiwe kinafanya kazi kama kilivyotoka kwao.

Rangi ikapigwa, viti vikashonwa, injini ikanguruma vizuri. Kiyoyozi kikawashinda. Kinapuliza baridi dakika kumi, kisha feni inalegea, inakufa, na ndani kunanuka kama plastiki imeangukia jiko la mkaa. Ukiliacha gari lipoe, kinapuliza tena, dakika kumi. Wakaja mafundi wawili kutoka Dar. Wa kwanza akajaza gesi. Wa pili akasema kompresa imekufa, akabadilisha. Kompresa hiyo nilimtafutia mimi na nikamuuzia mimi, na sikuona haya hata chembe.

Siku hiyo Bwana Joseph alisimama dukani kwangu amechoka, akafuta kipara kwa kitambaa, akasema, "Mama, mtu akiniponyea gari hili, nitampa karakana aiongoze, na nyumba akae." Nikamwambia, "Mtu huyo unaye, ulimwandikia barua ya kuondoka." Nikamwita Severin. Hilo nalo nilifanya mimi, msinihesabie mabaya tu.

Benzi ikaletwa kiwanjani siku ya Jumatatu. Severin akamkalisha dereva, akaanza maswali yake. Saa nzima! Dereva akaapa hatarudi. Lakini katika maswali hayo Severin alikwisha kujua jambo. Kama kompresa ingekuwa ndiyo tatizo, alinieleza, hewa ingetoka ya moto lakini feni ingeendelea kupuliza. Hapa feni yenyewe inakufa. Kwa hiyo waliokuwa wakihangaika na gesi walikuwa wakitibu mguu wa mtu anayeumwa jino. Ni umeme, na ni umeme unaokosekana pakiwa na joto.

Jumanne alifungua dashibodi. Alilala kwa mgongo chini ya usukani, miguu inaning'inia nje ya mlango, na mstari wa pasi wa ovaroli bado umesimama. Akapima kwenye betri, umeme mzima. Akapima kwenye feni, umefika nusu. Akafuata nyaya nyuma nyuma, mpaka akakuta mahali ganda limeyeyuka na nyaya mbili zimebaki uchi. Zikipoa zinaachana, zikipata moto zinalegea na kugusana. Akanionyesha. Nikasema, basi, umeshinda, funga tepu twende tukanywe soda ya bure kwangu, kama kawaida yako ya wizi.

"Bado," akasema. "Nyaya haziyeyuki hivi hivi. Fyuzi ilikuwa wapi?"

Fyuzi za Benzi za zamani si hizi za plastiki. Ni vijiti vya kauri vyenye ukanda mwembamba ubavuni, vimechongoka ncha mbili. Na kazi ya fyuzi ni kufa kwanza. Umeme ukizidi, fyuzi inakatika, nyaya zinapona. Motor ya feni ilikuwa imekauka grisi, inavuta umeme kupita kiasi, kwa hiyo fyuzi yake ilitakiwa iwe imekatika zamani. Severin akafungua kikasha. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikaona mabega yake yakishuka.

Mahali pa fyuzi ya feni palikuwa na kijiti cha kauri kilichozungushiwa waya wa shaba. Waya wa simu, mwembamba, mizunguko mitatu kwenda kushoto, na mkia umekunjwa chini badala ya kukatwa. Waya wa namna hiyo haukatiki. Ulipitisha kila kitu, mwaka baada ya mwaka, ukazichemsha nyaya za watu.

Akakaa chini kwenye vumbi. Severin, mtu wa pasi, akakaa kwenye vumbi.

"Huu ni mkono wangu, mtani," akasema.

Mwaka themanini na tatu, mwaka tuliopanga foleni ya sabuni, meneja wa wakati ule alikuwa anaondoka asubuhi kwenda mkutanoni Dodoma. Fyuzi imekatika, na fyuzi haikuwepo Morogoro nzima. Kila fundi alifanya hivyo hivyo siku zile, kama si waya ni karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Severin akazungusha waya, akajiambia, fyuzi zikija nabadilisha. Meneja akahamishwa, gari likashikwa na huyu na yule, kisha likaegeshwa bandani. "Zimekuja lini fyuzi? Umezileta wewe, mwaka themanini na tisa. Zimejaa makopo, nazitazama kila siku. Na mimi nimesahau."

Nikamwambia, "Ebo! Litupe chooni hilo liwaya, weka fyuzi mpya, nani atajua?"

"Nitamwambia Bwana Joseph," akasema. "Akija kuchukua gari, kabla hajaingia ndani. Asije akasikia kwa mtu mwingine."

Hakuniambia nisiseme. Aliona hakuna haja ya kuniambia.

Jumatano alifumua zile nyaya, akaweka mpya, akalainisha motor, akanunua kwangu fyuzi, na hakutania. Alhamisi saa nne Bwana Joseph akaja na dereva wake. Habari ilikuwa imeenea, maana mafundi wawili wa Dar walikwisha kushindwa, kwa hiyo kiwanja kilijaa. Madereva, mafundi wa matairi, mama wa chapati na ndoo yake. Yustina naye alikuja, akasimama mbali kidogo kando ya barabara, ameshika mkoba mbele yake kwa mikono miwili.

Severin akawasha gari. Dakika kumi. Ishirini. Nusu saa, jua linachoma, na kiyoyozi kinapuliza baridi tu. Watu wakapanga mstari kutia mikono dirishani. Mama wa chapati akaingiza kichwa kizima, akasema, "Mtume! Kama Mgeta!" Tukacheka wote. Bwana Joseph alicheka mpaka akavua miwani. Akamshika Severin mkono, akasema, "Bwana Severin, twende ofisini tukaandikiane."

Severin hakuondoka. Akasema, "Bosi, kuna jambo. Nilitaka... nilitaka kwanza nikuambie."

Akanyamaza. Nimeshawaambia alikuwa msemaji wa taratibu. Alikuwa akitafuta neno la kuanzia, mkono uko mfukoni, ameushika ule waya. Watu wote wakamtazama. Nikaona jasho kwenye paji la uso wake na nikaona anateseka. Nikajiambia, nimsaidie. Wallahi ndivyo nilivyojiambia. Kwetu jambo zito likimshinda mtu kulisema, mtani analisema kwa kicheko, linakuwa jepesi, watu wanacheka, limepita. Nimeliona misibani, nimeliona kwenye magomvi ya mke na mume. Nikajitosa.

"Anaona haya huyo!" nikapiga kelele. "Mwizi mkubwa wa Kiluguru! Gari aliliua mwenyewe! Miaka kumi na moja iliyopita alifukia waya wake humo ndani kama mganga anavyofukia hirizi uani kwa mtu, ili leo aje aufukue mbele yenu apewe nyumba!"

Watu walivunjika mbavu. Fundi wa matairi alijipigapiga mapaja. Hata Yustina, kule barabarani, niliona meno yake. Na mimi nikacheka kuliko wote.

Bwana Joseph hakucheka. Alivaa miwani yake polepole.

"Ni kweli, Bwana Severin? Waya ulikuwa wako?"

Severin akautoa mfukoni, akamwonyesha kwenye kiganja. "Ni wangu, bosi. Ndilo nililotaka kukuambia mwenyewe. Fyuzi hazikuwepo wakati ule."

"Ulitaka kuniambia lini?"

"Sasa hivi."

"Baada ya mama huyu kusema."

"Kabla, bosi. Nilikuwa naanza."

Bwana Joseph akautazama waya, akatutazama sisi tuliokuwa bado tunafuta machozi ya kicheko. Nadhani alituona wahuni watupu, tumekula njama na sasa tunamcheka usoni. Akasema kwa upole ule ule, "Kazi ni nzuri. Asante sana." Akamlipa pale pale, akaingia kwenye gari. Wakaondoka na vioo vimefungwa, na ofisini hakumwita tena.

Nilikwenda. Msidhani nilikaa. Ijumaa niliomba langoni mpaka mlinzi akachoka, nikaingizwa ofisini. Nikamweleza Bwana Joseph, yule ni mtani wangu, mimi Mnyamwezi, yeye Mluguru, maneno yale ni utani.

"Kwa hiyo waya haukuwa wake?" akauliza.

"Ulikuwa wake."

"Basi ulisema kweli."

"Nilisema kweli, baba, lakini kwa utani."

"Utani ulikuwa sehemu gani, mama?"

"Hiyo ya kufukia kusudi. Hiyo ya kutaka nyumba."

"Lakini nyumba alikuwa anaitaka."

Akaniambia pole pole kwamba yeye hamchukii fundi wetu, ila hawezi kumkabidhi karakana mtu ambaye haijulikani lini anacheza na lini anasema kweli. Nikatoka. Jumamosi Benzi ilikwenda Dar es Salaam ikarudi, na dereva alituhadithia kwamba mwenye kampuni alipofika Chalinze aliomba koti kwa baridi. Karakana akapewa fundi wa pili wa Dar, yule wa kompresa.

Mwisho wa Juni lori lililokuwa limeshusha mboga sokoni likapita Kihonda kubeba vyombo vya Severin. Kitanda, meza, cherehani ya Yustina, pasi. Martina alikaa juu ya magodoro, ameshika begi la shule, akitazama mbele tu. Nilimwendea Severin nikamwambia mbele ya mkewe, bila utani, "Nimekukosea. Nisamehe."

Akatabasamu. "Mla matobolwa unaomba msamaha? Dunia imekwisha. Mtani hakosei, wewe unajua."

Na hapo ndipo aliponiua. Angenitukana! Angenipiga hata kofi, ningelia, tungekwisha. Lakini alikuwa mtu wa desturi, na kwa desturi mtani hakasirikiwi, basi hakunikasirikia. Siku zote zilizofuata, akishuka na kabichi zake sokoni, alipita dukani akachukua soda yake ya bure, akaniuliza habari za pembe za ndovu. Nikimtazama usoni natafuta hasira, sikuiona. Ilikuwepo, najua ilikuwepo, mtu si jiwe. Aliificha kwa sababu mimi sikumpa mahali pa kuitoa. Kuhusu Martina hakunena, nami sikuuliza. Kwa watu nikasikia ameolewa, kule kule, akiwa na miaka kumi na minane.

Mafundi walimtafuta, wakamwomba ashuke, magari ya Kijapani yamejaa mjini na nyaya zake zinawachanganya. Alikataa. Alitengeneza taa za malori yanayopanda Mgeta, basi. Dereva mmoja wa lori aliniambia kwamba Severin alikuwa akifungua vikasha vya fyuzi vya kila lori, hata ambalo halikuwa na ubovu, akivikagua kimoja kimoja.

Alikufa mwaka tisini na tisa, kichomi, siku nne tu. Nikafunga duka, nikapanda na lori la mboga, kisha kwa miguu kwenye njia ile inayokutazama usoni. Nilifika nahema kama mbwa. Waombolezaji wakapaza sauti, "Mtani amekuja! Mnyamwezi amekuja!" Nikawaona nyuso zimefunguka, maana tangu asubuhi walikuwa na kilio tu, hakuna wa kuwapumzisha.

Yustina alitoka ndani na ovaroli ya bluu. Imefuliwa, imepigwa pasi. Akanikabidhi. "Mama Semeni, fanya kazi yako. Mwigize, tumwone."

Nikaivaa. Ilinifika chini ya visigino, wakaanza kucheka kabla sijasema neno. Nikasimama katikati ya uwanja, mbele ya jeneza, katekista pembeni amefunga kitabu chake ananisubiri. Na nikaona hapa ndipo. Watu wote wake wako hapa, mkewe, kaka zake, Martina na mtoto mgongoni. Nitasema, wajue, wanifanye watakavyo.

Nikasema, "Sikilizeni. Mtu huyu hakushindwa kazi. Mimi ndiye niliyemnyima nyumba ya Kihonda. Alikuwa anafungua mdomo kusema kweli yake, nikamkatiza. Martina, shule yako niliikata mimi. Ni mimi, kwa mdomo huu."

Kaka yake mkubwa ndiye aliyeanza. Akaangua kicheko, akashika kiuno. "Hawa Wanyamwezi! Hata msibani wanajitafutia sifa!" Uwanja mzima ukalipuka. Nikapiga kelele, "Ni kweli! Naapa ni kweli!" na machozi yananitoka, na kadiri nilivyoapa ndivyo walivyozidi kucheka. Wazee wakakohoa, wanawake wakaegemeana, mtu akaniletea kiti kidogo nipande juu nionekane vizuri.

Martina alicheka. Yustina alicheka mpaka akakaa chini, akajifuta macho kwa ncha ya khanga, akaninyooshea mkono nimwinue.

"Asante, mtani," akasema. "Sijacheka tangu Jumatatu."

Nikamwinua, nikamkung'uta vumbi mgongoni, na jeneza likabebwa.